Lori la Mponde lililouzwa Soni

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima na baadhi yenu mmeniuliza kama nimehama gazeti au nimeoa. Hakuna kati ya hayo. Nilikwenda nyumbani Mponde, nikarudi, na tangu nirudi nina jambo ambalo kila nikikaa kuliandika naishia kufungua faili jingine. Leo nimeamua liandikwe hivyo hivyo lilivyo.

Kwanza niseme kile ambacho wengi wenu hamkijui. Mimi ni mtu mzima, nina shahada, nina kadi ya kupigia kura, na ninakusanya magari ya kuchezea. Ya zamani. Chumbani kwangu kuna rafu moja ya vitabu na rafu mbili za magari. Mpaka leo asubuhi yalikuwa 43. Mwenye nyumba alipoyaona mara ya kwanza aliniuliza mtoto yuko wapi, nikamwambia hakuna mtoto, akanitazama kwa namna ambayo kodi ya miezi sita niliyomlipa mapema haikuweza kuifuta.

Ugonjwa wenyewe niliupatia Karume, pale Ilala, miaka minne iliyopita. Nilikwenda kutafuta shati la kuvaa kwenye mahojiano ya kazi. Kando ya meza ya mashati kulikuwa na beseni la vitu ambavyo hutoka ndani ya mabelo ya mitumba: wanasesere wasio na mkono, askari wa plastiki, vipande vya michezo isiyojulikana. Muuzaji anapiga kelele, "Chagua mia tano! Chagua mia tano!" Nikaona Land Rover ndogo nyekundu ya zimamoto, ndogo kuliko kidole changu cha shahada, rangi imembabuka lakini nzito. Uzito ndio ulionishangaza. Nikaigeuza chini. Pameandikwa kwa herufi ndogo sana kwamba imetengenezwa Uingereza na Lesney.

Nililipa mia tano na shati sikununua. Mahojiano nilikwenda na la zamani, na kazi nikapata, kwa hiyo wale wanaosema ninapoteza pesa waanzie hapo.

Lesney, nilikuja kusoma baadaye, ni jina lililoungwa. Mwaka 1947 jijini London, Leslie Smith na Rodney Smith, ambao hawakuwa ndugu, walianzisha karakana ya kumimina madini kwenye kalibu. Wakachukua mwanzo wa jina la mmoja na mwisho wa jina la mwingine. Alijiunga nao fundi mmoja aitwaye Jack Odell. Binti yake alikuwa anasoma shule iliyoruhusu watoto kuja na mchezo mmoja tu, mradi uenee ndani ya kiberiti. Odell akamtengenezea mashine ya kushindilia barabara, ndogo kiasi hicho. Mwaka 1953 vigari vya namna hiyo vilianza kuuzwa kwa jina la Matchbox, yaani kiberiti. Kampuni ikauza mamilioni kwa mamilioni, kisha mwaka 1982 ikafilisika na jina likanunuliwa na wengine, hadi likaishia kwa Mattel mwaka 1997.

Ndiyo maana sisi wa ugonjwa huu tukiona kigari tunakigeuza tumbo juu kabla hata hatujatazama rangi. Tumbo ndilo cheti cha kuzaliwa. Likitaja Lesney, ujue kimezaliwa kabla ya anguko lile la 1982. Halafu unatazama matairi. Mattel ilipotoa Hot Wheels mwaka 1968, vigari vyenye ekseli nyembamba vinavyoteleza kama sabuni, Matchbox ilijiona mzee ghafla, na mwaka uliofuata ikaanza kubadili matairi yake. Kwa hiyo kigari cha Lesney chenye matairi ya kizamani kinakuambia kimetangulia mbio hizo. Halafu rangi: je, ni ya kiwandani au kuna mtoto wa Birmingham aliyeipaka upya kwa rangi ya kucha ya mama yake? Halafu boksi. Boksi tupu la karatasi linaweza kukaribia bei ya gari lenyewe, kwa sababu mtoto wa kawaida hulichana dakika ya kwanza. Ukikuta boksi zima maana yake kuna mtoto hakucheza.

Hili la boksi nitalirudia.

Mwaka jana nilifanya wazimu mkubwa kuliko yote. Rafiki yangu anayesoma Uingereza alininunulia Corgi. Corgi ni ndugu wa Matchbox lakini mkubwa kidogo, walianza mwaka 1956, wakitengenezwa Swansea. Hiyo ninayoisema ni namba 256 katika orodha yao, ilianza kuuzwa mwaka 1965: Volkswagen nyekundu, ile tunayoiita kobe, imevalishwa mavazi ya mashindano ya East African Safari. Ndiyo, Safari yetu. Mashindano yale yalianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye tope na vumbi. Volkswagen ilishinda mara ya kwanza kabisa, na ikashinda tena 1954, 1957 na 1962. Baadaye zikaja Pijo 404, na wazee wa Dar es Salaam bado wanamkumbuka Bert Shankland, dereva wa hapa hapa Tanzania, aliyeshinda na Pijo mwaka 1966 na 1967.

Sasa fikiria. Mtoto wa Swansea mwaka 1965 anafungua boksi, anakuta gari lililopita barabara zetu, na pembeni yake kifaru mdogo wa plastiki, maana walituuza pamoja na kifaru. Langu halina kifaru wala boksi. Rangi imetoka mlangoni. Lakini lina kitu kimoja kilichonifanya nilipe zaidi ya kodi ya mwezi: tairi la akiba lililolala juu ya paa. Ukilizungusha kwa kidole, matairi ya mbele yanakata kona.

Niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilisimama. Nilikuwa nimewahi kuwa na gari linalokata kona kwa kushikwa juu.

Waliokulia vijijini wanajua ninachosema. Gari la waya. Ufito mrefu unatoka kwenye ekseli ya mbele, unapita juu ya paa, unafika kifuani kwa dereva ambaye anakimbia nyuma yake kwa miguu, na kwenye ncha kuna usukani wa duara. Malawi wanayaita galimoto, na mwaka 1990 Mmarekani mmoja, Karen Lynn Williams, alitoa kitabu cha watoto chenye jina hilo kuhusu mtoto anayezunguka kijiji kizima akitafuta waya. Kwetu hatukuwa na jina maalumu. Tulisema gari, basi. Lile kubwa la barabarani ndilo tulilolitaja kwa ukamilifu: gari la majani.

Kwa wasiopajua, Mponde iko milima ya Usambara, upande wa Bumbuli. Unashuka basi Mombo, unapanda kona hadi Soni, halafu unaiacha lami na kuingia barabara ambayo mvua ikinyesha inakuwa ya mbuzi. Ni chai kila upande. Jani la chai likishachumwa halisubiri. Likilundikana linapata joto, linaungua, na mkulima anarudishiwa. Kwa hiyo lori lilipita vituo vya kupimia kila siku ya kuchuma, na sisi watoto tulijua saa zake kuliko tulivyojua kengele ya shule. Lori likipiga honi kwenye kona ya juu, mama alikuwa tayari ameshasimama na kikapu.

Kaka yangu, aliyenizidi miaka saba, alilitengeneza lori lile. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Si gari la waya tu la kupinda jioni moja. Alichukua karibu likizo nzima ya Desemba. Fremu ni waya wa seng'enge. Kichwa ni bati la debe la mafuta ya kupikia, limekunjwa kwa nyundo juu ya jiwe hadi likapata ile sura ya Isuzu. Ubavuni, pale ambapo lori la kweli lina wavu ili majani yapumue, aliweka wavu wa mfuko wa vitunguu. Ekseli ni spoku za baiskeli. Matairi sita, mbele mawili na nyuma manne, yamekatwa kwa wembe kutoka kwenye ndala, nyeupe kwa ndani na buluu ukingoni. Ndala zilikuwa za mama na zilikuwa hazijakatika. Kwa hilo alichapwa, na matairi yakabaki.

Nyuma aliweka namba ya usajili. T, tarakimu tatu, herufi tatu. Herufi tatu za mwisho ni za jina langu. Sitaziandika hapa, na sababu mtaiona.

Alipomaliza aliniambia, "Chukua, hili lako, mimi nimeshakuwa mkubwa." Siku ya kwanza nililipitisha barabarani, dereva wa lori la kweli alipunguza mwendo, akanipigia honi. Kwa wiki nzima nilikuwa dereva wa serikali.

Mwaka 2009, siku ya soko, nilikwenda Soni na mama. Nililibeba lori, sikuwa naliacha. Mama alipokuwa anauza, mimi nikalizungusha kando ya barabara. Ikasimama gari ya watalii, nadhani walikuwa wakienda kuona maporomoko. Akashuka mama mmoja wa Kizungu na kofia kubwa, akachuchumaa, akalitazama lori chini na juu. Aliligeuza tumbo juu! Hilo nalikumbuka vizuri sana sasa. Kisha akatoa noti ya elfu tano.

Sikusita. Ningependa kuandika kwamba nilisita. Elfu tano mwaka 2009 kwa mtoto wa Mponde haikuwa pesa, ilikuwa hadithi. Nilikunywa soda, nikala maandazi manne, nikaenda kwenye meza ya vitu vya dukani nikanunua gari la plastiki la rangi ya njano lenye kifungo cha kupiga king'ora. Chenji nikaificha kwenye soksi. Kabla hatujafika nyumbani tairi moja la lile gari lilikuwa limeshatoka.

Nyumbani kaka akaniuliza lori liko wapi. Nikasema nimelisahau kwenye gari tuliyorudia. Na lile la plastiki? Nikasema nimeliokota.

Kesho yake kaka akashuka stendi kuwauliza makonda. Keshokutwa akashuka tena. Siku ya tatu akashuka tena. Siku ya nne hakushuka, na lori jingine hakutengeneza. Mimi sikusema kitu. Nikamaliza la saba, nikaenda sekondari, nikaenda chuo, nikawa mwandishi wa habari ambaye kazi yake ni kuwauliza watu wengine kwa nini hawakusema ukweli.

Sasa mnaweza kuelewa zile rafu mbili. Kuna usiku huwa naingia kwenye kurasa za mnada za nje, naandika maneno ya kutafuta gari la kuchezea, Afrika, waya, bati. Yapo mengi. Yana maelezo yaleyale: kazi ya mkono, Afrika Mashariki, msanii hajulikani, dola 40. Hilo la "msanii hajulikani" linaniudhi kila nikilisoma. Kigari cha Lesney cha mia tano kinajulikana mwaka, mtaa na mwenye karakana. Hili la dola 40 lina mtu mahali fulani aliyechapwa kwa ajili ya matairi yake. Naangalia picha za nyuma, naangalia namba ya usajili. Ndiyo maana siziandiki herufi zile. Siku nikilikuta ndizo zitakuwa ushahidi wangu, na mtandaoni kuna wajanja.

Uwezekano wa kulipata ni mdogo, najua. Magari yale hayakutengenezwa yakae. Matairi yakiisha yanahamia gari jingine, waya unanyooshwa unakuwa kamba ya kuanikia nguo, bati linaziba paa la kuku. Hakuna boksi kwa sababu hakuna aliyefikiria kutocheza. Lile moja ambalo huenda bado ni zima duniani, ni zima kwa sababu niliuza.

Basi mwezi uliopita nilipata likizo, nikaifunga Corgi kwenye soksi (soksi tena!) nikapanda. Mponde imebadilika na haijabadilika. Kiwanda cha chai kilifungwa mwaka 2013 kwa mgogoro wa wakulima na waliokuwa wakikiendesha, kikakaa kimya kwa miaka, na katika miaka ile kuna mashamba yaliyoachwa hadi chai ikawa miti. Watoto waliozaliwa wakati ule walikua bila honi ya gari la majani. Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha. Ana mtoto wa miaka minane.

Jioni tukiwa nje nikamtolea ile Volkswagen. Akaishika kama fundi anavyoshika kitu, kwanza mishono. Akakuta tairi la paani, akalizungusha, matairi ya mbele yakakata kona. Akacheka sana.

"Hawa Wazungu walituona wapi?"

Nikaona hapo ndipo, nisiposema leo sisemi tena. Nikamwambia. Soni, mama wa kofia, elfu tano, soda, maandazi manne. Nilisema haraka haraka, kama mtu anayesoma taarifa ya habari.

Alikaa kimya kidogo. Halafu akasema, "Najua, mdogo wangu. Siku ya kwanza tu konda aliniambia. Alikuona ukipokea noti."

"Sasa mbona ulishuka tena siku ya pili? Na ya tatu?"

"Nilikuwa nakupa nafasi useme."

Mimi ni mtu wa maneno, kwa mshahara, na sikuwa na hata moja. Yeye ndiye aliyeendelea, akaniuliza kama elfu tano yote niliila mwenyewe. Nikasema nyingine niliificha kwenye soksi. Akasema kwa haki ningemwachia nusu, kazi ilikuwa yake na fimbo zilikuwa zake. Alisema anacheka, lakini hakucheka mpaka mwisho. Nikamwomba anitengenezee jingine, nitalipa anachotaka. Akasema ana mageti mawili ya watu hajamaliza, na mtu wa kutengeneza magari hapo nyumbani siku hizi si yeye.

Akamwita mtoto. Mtoto akaleta Fuso: kopo la rangi lililopasuliwa, waya wa geti wa baba yake, matairi ya vifuniko vya chupa viwili viwili. Usukani upo, ufito upo. Nikaligeuza tumbo juu kwa mazoea. Hakuna jina. Nikamuuliza ananiuzia shilingi ngapi. Akamtazama baba yake, baba yake akatazama milimani.

"Siuzi, baba mdogo. Kesho tuna mashindano."

Kisha akaomba kuona langu. Nikampa, nikimwambia alishike vizuri, ni la zamani, ni la mwaka 1965 huko, asiliweke chini. Akaniuliza sasa kama haliwekwi chini linaendaje. Kaka alinitazama. Nikasema haya, weka. Kwanza alilisukuma kwenye saruji ya baraza, kwa adabu. Akakuta tairi la paani, akapiga kelele, akashuka nalo uani kwenye udongo mwekundu, akalipandisha tuta la mihogo, likapinduka, akaliinua, akalipandisha tena. Nilikaa kwenye kigoda mikono imebana magotini mpaka giza lilipoingia.

Nimerudi Dar nalo. Nina daftari ambamo kila gari lina ukurasa wake: namba, mwaka, nilikolipata, kasoro. Leo nimeongeza mstari kwenye ukurasa wa Corgi 256. Madigadi ya mbele kushoto, rangi imetoka upana wa punje ya mchele, Mponde. Na nimefungua ukurasa wa 44, lori la majani la Isuzu, bati, seng'enge na ndala, Desemba, Mponde. Penye jina la mtengenezaji nimeandika la kaka. Penye mahali lilipo nimeacha wazi.